Laptopu imeamka, diski bado imelala

Haya jamani, habari za jioni, wale mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele kuna benchi bado, siwaulizi maswali msiogope. Leo sina slaidi, nina terminali na mdomo tu, na mada yenyewe kila fundi humu ndani ameshaletewa mezani hata kama hakujua jina lake. Mteja anafunga laptopu, anaenda kula, anarudi anafungua, skrini inawaka, mausi inatembea vizuri tu, alafu kila anachobonyeza kinaganda. Anafungua folda, kimya. Anaandika amri, anajibiwa haisomeki. Dakika mbili tatu kama ni Windows inakuja skrini ya bluu, kama ni Linux mfumo mzima unageuka wa kusoma tu, hauandikiki. Anazima kwa kung'ang'ania kitufe, anawasha tena, inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukiipima diski inakwambia mimi mzima, afya asilimia tisini na kitu. Ukiiacha inawaka wiki nzima haisumbui mtu. Ukiilaza tu, yaleyale.

Na sisi hapo tunafanyaje? Tunabadilisha diski, au tunapiga Windows upya ambayo ndo panadol ya mji huu. Sasa mimi nimekuja kubishana na hilo. Ninachosema ni kwamba diski ya hivo mara nyingi sio mbovu, ile programu inayoishi ndani yake, fimuwea, ndo ina kasoro, na kasoro yenyewe imekaa sehemu moja ndogo, kwenye njia ya kulala au kwenye njia ya kuamka, kwahiyo ukishaijua hiyo sehemu unaacha kuiomba diski hicho kitu kimoja inachoshindwa, na mengine yote inaendelea kukufanyia miaka. Ugumu ni kuijua hiyo sehemu, na kuacha kuiomba hicho tu bila kuzima vitu vingine kumi ambavyo vilikuwa salama.

Tuanze na hiki, kwamba SSD, hizi diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, ni kompyuta. Ina prosesa yake, nyingine ina ramu yake, na zile za bei nafuu ambazo hazina ramu zinaazima kidogo kutoka kwenye ramu ya laptopu yako. Na ina programu iliyoandikwa na watu, na watu wanakosea. Mwaka 2012 Crucial walitoa fimuwea mpya ya SSD yao ya m4 sababu ile ya zamani ilikuwa ikifikisha masaa 5,184 ya kuwaka diski inaganda, ukiirestati inafanya kazi saa moja inaganda tena. Mwaka 2019 HPE wakatangaza kwamba kuna SSD zao za seva zikifika masaa 32,768 zinakufa kabisa na data haitoki, na wale mnaoandika programu mmeshacheka, hiyo namba mnaijua ni 2 imejizidisha mara 15, mtu alihifadhi masaa kwenye chombo kidogo kikajaa. Sasa kama mtu anaweza kukosea kuhesabu masaa, fikiria kulala, ambako ndani ya sehemu ya sekunde diski inatakiwa imalize kuandika, ihifadhi daftari lake la ndani linaloonyesha kipi kiko wapi, ishushe umeme, na kiungo cha PCI Express, ile njia inayoiunganisha na prosesa ya laptopu, nacho kishuke, alafu baadae yote yarudi kwa mpangilio uleule wakati prosesa ya laptopu inagonga mlango inasema lete data haraka.

Ni kama mama mwenye genge anapofunga jioni. Akipewa taarifa anaingiza nyanya ndani, anahesabu hela, anafunika, anafunga. Ukimzimia taa ghafla kabla hajamaliza, kesho asubuhi hajui kilichopo. Na kuna yule ambae anafunga vizuri kabisa ila asubuhi kufuli linagoma. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake tofauti, sema kwa nje wote mnaona genge limefungwa.

Sasa kwanini hii kitu imekuwa nyingi miaka ya karibuni? Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri.

Zamani laptopu ikilala ilikuwa inaingia kwenye kitu kinaitwa S3. Ni kwenye sheria za ACPI, za jinsi mfumo unavyosimamia umeme wa mashine, zile za mwaka 1996 walizoandika Intel, Microsoft na Toshiba. Kwenye S3 ramu tu ndo inabaki na umeme, diski inaambiwa funga, inafunga, inakatiwa umeme kabisa. Ukiamsha, diski inaanza upya kama vile umeiwasha asubuhi. Maana yake njia ambayo fimuwea inapita ni ileile ya kuzima na kuwasha, ambayo kiwandani wameijaribu mara elfu na elfu. Ule usingizi wa ndani wa diski yenyewe, wa kubaki na umeme kidogo huku imefumba macho, ulikuwa haupitiwi kabisa wakati wa kulaza.

Alafu ikaja staili ya simu. Watu wakataka laptopu iamke hapohapo, ipokee meseji ikiwa imefungwa. Microsoft wakaanza nayo Windows 8 mwaka 2012, kwenye Windows 10 wakaiita Modern Standby, kwenye Linux inaitwa s2idle. Hapa mashine haizimiki, inatulia tu, na kila kifaa kinatakiwa kijishushe chenyewe mpaka chini kabisa. Laptopu nyingi za Intel za kuanzia kama 2020 hivi hazina tena S3 kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayowasha mashine, imeondolewa, utake usitake unatumia hii mpya. Kwahiyo diski ambayo ilikuwa inakatiwa umeme saiv inaachiwa umeme na kuambiwa haya, lala mwenyewe, amka mwenyewe. Ule mlango wa nyuma ambao fimuwea ilikuwa haipiti mara kwa mara ndo umekuwa mlango mkuu, na ndo tunaona kasoro ambazo zilikuwepo siku zote.

NVMe, yaani zile SSD zinazopita kwenye kiungo cha PCI Express, ina ngazi za nguvu. Diski nyingi za laptopu zina tano, 0 mpaka 4. Ngazi za juu, 0, 1, 2, diski inafanya kazi. 3 na 4 haifanyi kazi, imelala, 3 usingizi mwepesi na 4 usingizi mzito. Ukitaka kuziona andika `nvme id-ctrl /dev/nvme0` kwa ruhusa ya root, chini kule utaona mistari ya ps 0, ps 1, kila mmoja na wati zake na muda wa kuingia na wa kutoka kwa maikrosekunde. Na kuna vitu viwili vinavyozipeleka huko chini, tafadhali msivichanganye sababu hapa ndo watu wanapoteza siku nzima. Kimoja ni diski kusinzia yenyewe mchana ukiwa unatumia mashine, ikikaa muda mfupi bila kazi basi inashuka, hiyo inaitwa APST, Linux ilianza kuitumia kwenye kerneli, yaani kiini chake, toleo la 4.11 mwaka 2017. Kingine ni mfumo kuilaza wakati unafunga kifuniko. Njia ni mbili, kasoro inaweza kuwa kwenye moja na nyingine ikawa nzima kabisa.

Kwa upande wa kufunga kifuniko, Linux mpaka mwaka 2019 ilikuwa haina longolongo, ikilala inaizima NVMe, basi. Kuanzia kerneli 5.3 ikabadilika: kama mashine inalala kwa s2idle, draiva, ile sehemu ya kerneli inayoongea na diski, haiizimi tena diski, inaipeleka kwenye ngazi yake ya chini kabisa inaiacha hapo. Na walikuwa na sababu ya maana, kuna laptopu ambazo diski ikizimwa hivo mashine yote inashindwa kutulia na betri inaliwa usiku kucha. Ila mabadiliko hayajakaa hata vizuri, mwaka huohuo 2019 mhandisi wa Dell akaleta kisa cha diski za LiteON CL1 zenye fimuwea namba 22301111. Hizo kwenye njia mpya kuna kazi mbili ndani zinagombania nani aanze, mara nyingi inapita salama, mara mojamoja inayotakiwa iwe ya pili inaanza na diski haiamki tena. LiteON wenyewe wakakubali kwamba kweli kasoro ipo na toleo linalofuata limerekebishwa. Lakini diski zenye toleo la zamani zilishaingia kwenye laptopu, na laptopu zilishauzwa, sasa utamfuata kila mtu nyumbani kwake?

Walichofanya mimi nakipenda sana. Kwenye kerneli kuna orodha ya vifaa vyenye visirani vyake, wakaongeza mstari: ukikuta diski ya mtengenezaji huyu, na fimuwea yake ni 22301111, basi usitumie njia mpya, izime kama zamani. Imekwisha. Anaenunua diski hiyohiyo yenye toleo la mbele haguswi, na mwenye diski ya kampuni nyingine hata hajui kama kuna kitu kilitokea.

Sasa linganisha na Kingston A2000. Hiyo shida yake ilikuwa kwenye kusinzia kwa mchana, fimuwea S5Z42105, inaingia ngazi ya chini kabisa alafu hairudi, unaona mashine inaganda katikati ya kazi. Mwanzoni mwa 2021 kerneli ikaandikiwa kwamba modeli hiyo isipelekwe ngazi ya mwisho. Na hapo waliandika kwa namba ya modeli, sio kwa toleo la fimuwea, wakati baadae Kingston walitoa S5Z42109 yenye marekebisho. Kwahiyo hata aliyeapdeti diski yake bado ananyimwa ule usingizi mzito. Silaumu, watu walikuwa wanapoteza data na cha kwanza ni kuzuia damu, ila mnaona tofauti ya kushona kwa sindano na kushona kwa mundu.

Na kuna nyingine inachekesha zaidi. Kuna NVMe za Samsung ambazo kwenye Dell XPS 15 ile 9550 na Precision 5510 zilikuwa zinasumbua zikienda ngazi ya mwisho, ukiichomoa diski hiyohiyo ukaiweka kwenye mashine nyingine haina neno. Kwahiyo kerneli inaangalia vyote viwili, diski na jina la laptopu, ndo inaamua. Kwa hiyo ukisikia mtu mtaani anasema diski fulani zote mbovu, muulize kwenye mashine gani, kwa fimuwea gani, na inalala kwa staili ipi. Akikosa majibu, hiyo ni stori ya kijiweni tu.

Sasa twende mezani, mteja kaleta mashine.

Cha kwanza jua inalalaje. `cat /sys/power/mem_sleep`, utaona s2idle na pengine deep, iliyo kwenye mabano ya mraba ndo inatumika, deep ndo S3 yetu ya zamani. Kwenye Windows ni `powercfg /a`, inakutajia S3 au S0, S0 ndo ile Modern Standby. Cha pili soma namba ya fimuwea, `nvme list` inakupa safu ya mwisho kabisa, andika pembeni. Alafu chukua `nvme smart-log`, tafuta mstari wa unsafe_shutdowns, hiyo ni hesabu ya mara ngapi diski imekatiwa umeme bila kuagwa. Iandike. Laza mashine, amsha, soma tena. Kama kila ukilaza na kuamsha salama hesabu inapanda moja, basi umeshajua hapa diski inakatiwa umeme bila taarifa, yule mama wa genge anazimiwa taa, na shida iko kwa BIOS au mfumo, sio kwa fimuwea ya diski. Watu wengi hawaiangalii hii namba na ipo pale bure.

Kaka pale ananiuliza logi. Naam, hapo ndo pana utamu, au uchungu. Diski iliyokufa ndo hiyohiyo ambayo logi zinaandikwa. Ukirestati ukaenda kutafuta logi unakuta mstari wa mwisho ni mashine inaenda kulala, baada ya hapo hamna kitu, watu wanadhani mashine haikuamka kabisa kumbe iliamka ikaandika malalamiko yote hewani. Dawa yake ni kuwasha Linux ya flashi, ile ya kuwasha bila kuinstoli, chagua ipakiwe yote kwenye ramu kama ina hiyo chaguo, ili NVMe iwe abiria tu na sio dereva. Alafu laza kwa `rtcwake -m freeze -s 30`, hiyo inalaza kwa s2idle inajiamsha yenyewe baada ya sekunde 30, au `-m mem` itumie ile staili iliyo kwenye mabano. Diski ikifa mfumo wako uko kwenye ramu, unasoma `dmesg`, ile logi ya kerneli, kwa raha zako. Rudia mara nyingi, maana zile za kugombania nani aanze zinaweza kupita mara ishirini ya ishirini na moja ikakamatwa. Na kabla hata ya hapo kuna `/sys/power/pm_test`, ukiiandikia neno devices alafu ukalaza, inavilaza vifaa tu, inasubiri sekunde chache, inaviamsha, bila mashine yenyewe kwenda chini. Ikifia hapo, umeshapunguza wasiwasi nusu.

Kwenye dmesg unatafuta mstari unaosema controller is down; will reset, na pembeni CSTS=0xffffffff, CSTS ni hali ambayo diski inajieleza iko nayo. Zile f zote maana yake prosesa imeuliza na hakuna aliyejibu, waya uko wazi, diski imepotea kwenye kiungo kabisa. Ukikuta CSTS ina namba nyingine hapo diski inajibu ila imechanganyikiwa, ni kisa tofauti. Kerneli za karibuni zimekuwa na adabu, zenyewe zinakuuliza kama kifaa chako kina mfumo wa kubana umeme wenye kasoro, na zinakuandikia parameta za kujaribu: `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0 pcie_aspm=off`.

Sasa hizo mbili kila mtu anazikopi anazibandika kwenye GRUB, ile inayoiwasha Linux, anaondoka. Zinafanya kazi mara nyingi, sikatai. Ila tuzielewe. Ya kwanza inazima kusinzia kwa mchana, kwote, ngazi 3 na 4. Nenda taratibu: kama ngazi 4 tu ndo mbovu, soma ile id-ctrl, angalia exlat, ule muda wa kutoka, ya ps 4 na exlat ya ps 3, weka namba iliyo katikati. Mfano ps 3 inatoka kwa maikrosekunde 1,200 na ps 4 kwa 9,000, weka 5000, diski itasinzia mpaka 3 haitagusa 4. Lakini kumbuka nilichosema mwanzo, parameta hii inagusa APST, ukifunga kifuniko kwenye s2idle draiva bado inaipeleka diski ngazi ya chini kabisa. Ndo maana mtu anakwambia nimeweka parameta haijasaidia kitu, kweli haijasaidia, ameziba dirisha mwizi anaingilia mlangoni.

Kwa mlango wenyewe, unachotaka ni draiva irudi kwenye tabia ya zamani ya kuizima diski. Kuna njia kadhaa na nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda mimi. Kama mem_sleep ina deep, tumia hiyo, weka `mem_sleep_default=deep`, umeme unakatwa, fimuwea inaanza upya, kasoro ya usingizi haiguswi tena. Kwenye baadhi ya BIOS kuna sehemu ya kuchagua usingizi wa Linux au wa Windows, ukichagua Linux S3 inarudi, angalieni kabla hamjahangaika. Kama deep haipo, apdeti BIOS kwanza, sababu mtengenezaji wa laptopu anaweza kuweka humo alama inaitwa StorageD3Enable inayoiambia mfumo diski hii izime kabisa ukilala, Windows inaisikiliza na Linux nayo inaisikiliza, utaona kwenye dmesg imeandika platform quirk: setting simple suspend. Ukiona huo mstari ujue tayari iko kwenye njia ya kuzima na shida yako itafute kwingine. Kama haipo hiyo nayo, ndo `pcie_aspm=off` inaingia, sababu draiva ikikuta kerneli haisimamii ASPM, yaani kubana umeme wa kiungo cha PCI Express, inaamua yenyewe kuizima diski badala ya kuilaza. Hiyo naiweka chini kabisa maana umeizuia kerneli kusimamia ubanaji wa umeme wa kila kifaa cha PCI Express kwenye mashine, kadi ya waifai nayo imo humo, kwa kosa la diski moja. Na ikishindikana yote kuna kuhifadhi ramu kwenye diski na kuzima kabisa, haibaneti, kwenye Windows unaiwasha kwa `powercfg /hibernate on` alafu kwenye mipangilio ya umeme unasema nikifunga kifuniko fanya hiyo. Inaamka taratibu kidogo lakini mteja wa dukani kwako anachotaka ni asikute kazi yake imepotea, sekunde kumi na tano hatakulaumu.

SATA nazo, zile diski za kiungo cha zamani kabla ya NVMe, kwa haraka, sababu laptopu za mtumba zinazoshuka toka Dubai na Ulaya bado ni nyingi za SATA. Huko kinachosumbua ni kubana umeme wa kiungo. Kerneli 4.16 ya mwaka 2018 ilianza kuleta ubanaji mkali zaidi kwa laptopu, na baada ya hapo orodha ya visirani ikaanza kujaa, Crucial MX100 ya GB 512 imo, baadhi ya Samsung PM830 zimo. Kama dmesg inakuandikia COMRESET failed, au link is slow to respond baada ya kuamka, jaribu `libata.force=nolpm`, au kwa muda bila kurestati andika max_performance kwenye faili la link_power_management_policy la ile hosti. Kwenye Windows ni ile AHCI Link Power Management - HIPM/DIPM kwenye mipangilio ya umeme, mara nyingi imefichwa, weka Active, na muda wa kuzima diski weka 0. Diski za USB sitazigusa leo, zile ni kadi ya katikati ndo inasumbua mara nyingi, tuziachie siku yake.

Sasa betri. Kuna mtu ataniambia unanizimia usingizi mzito unaniua betri. Tufanye hesabu. Diski kwenye ngazi 3 inakula tuseme miliwati 50, kwenye 4 miliwati 5. Tofauti 45. Masaa 8 ni kama 0.36 ya wati-saa, betri ya wati-saa 50 haifiki hata asilimia moja. Kwa hiyo kwa mchana, kunyima ngazi ya mwisho ni bei ya karanga. Lakini kwenye s2idle usilale na hesabu hiyo, sababu kule diski isiposhuka vizuri inaweza kuzuia prosesa nzima kushuka, na hapo hatuongelei miliwati tena. Mashine ikibaki inakula wati moja na nusu usiku, masaa 8 ni wati-saa 12, karibu robo ya betri imeenda umelala. Kwenye Intel unaangalia faili la `/sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec`, soma kabla, laza, soma baada. Kama namba haijapanda, mashine haikulala kiukweli, ilifumba macho tu. Kwenye Windows `powercfg /sleepstudy` inakupa ripoti yenye rangi kabisa. Kwahiyo ukiweka kizuizi chochote, usiishie kuona diski imeamka, pima na betri asubuhi, maana unaweza kumtibu mteja malaria ukamwachia anemia.

Na jambo la usalama, mashine ikiganda baada ya kuamka, usikimbilie kitufe. Najua mkono unawasha. Linux kabla ya kulala inasukuma kwanza mafaili yaandikwe diskini, kwahiyo kazi ya mteja ya kabla ya kulala mara nyingi ipo salama, kinachoweza kuharibika ni lile daftari la ndani la diski, na linaharibika pale unapoikatia umeme ikiwa katikati ya kujiweka sawa. Intel 320 za mwaka 2011 zilikuwa zinakatiwa umeme ghafla zikiamka zinajitambulisha zina MB 8 tu, diski ya GB 160 inasema mimi MB 8, na data ndo imeenda. Ipe dakika kadhaa, kerneli inajaribu kuifufua yenyewe, ikishindwa ndo zima, na usiiwashe hapohapo, subiri kidogo umeme uishe kwenye bodi.

Dawa ya kweli ni fimuwea mpya, haya mengine yote ni magongo. `fwupdmgr get-updates` inaweza kukuletea kama mtengenezaji ameweka huko, la sivyo nenda kwenye tovuti. Ila angalia, diski iliyokuja na laptopu mara nyingi ina fimuwea ya kampuni ya laptopu, hata kama stika inasoma jina kubwa la diski, na haikubali fimuwea ya ile ya dukani yenye sura hiyohiyo. Tafuta kwa modeli ya laptopu. Hifadhi data kwanza, chomeka chaji, betri iwe imejaa, na usifanye siku ambayo mtaa wenu umeme unakatika katika.

Ikishaingia, soma namba ya toleo uhakikishe imebadilika, alafu toa zile parameta zote ulizoweka kwenye `/etc/default/grub`, endesha `update-grub`, rudia ile rtcwake mara kadhaa. Ikipita, ziache zimetoka. Isipopita, rudisha ile moja tu iliyosaidia, na andika kwenye stika chini ya laptopu: toleo la fimuwea, parameta, tarehe. Yule fundi atakaeifungua baada yako hana namna nyingine ya kujua kwanini ipo pale, ataifuta akidhani ni uchafu, na mteja atarudi kwako sio kwake. Na kama diski yako haipo kwenye orodha ya kerneli, peleka taarifa kwa watu wa kerneli, modeli, fimuwea, laptopu, na ile dmesg uliyoipata kwa flashi, mistari ile yote ya LiteON na Kingston ilianza na taarifa ya namna hiyo.

Haya, nimeweka laptopu mbili pale mezani zina shida hii, moja SATA moja NVMe, flashi zipo. Gawanyikeni wanne wanne, na anaeanza aanze na unsafe_shutdowns kabla hajagusa kitu kingine.